Jinsi nilivyotofautisha kioo cha mshtuko na mwamba ulioyeyuka

Nilipoanza kuchunguza vimondo vya Mwezini vilivyookotwa katika jangwa la Dhofar, Oman, swali lililonisumbua lilikuwa moja: kioo ninachokiona kilitokana na mwamba kuyeyuka, au na fuwele iliyovurugwa ikiwa bado yabisi?

Kipande cha kimondo husagwa hadi unene wa milimita 0.03, kisha hutazamwa kwa hadubini yenye vichujio viwili vya mwanga vilivyopishana. Plajioklesi, madini meupe yaliyojaa katika nyanda za juu za Mwezi, huonyesha milia ya kijivu na nyeupe inayong'aa na kuzimika kadiri kipande kinavyozungushwa. Baadhi ya punje zangu zilibaki nyeusi kwa mzunguko mzima, ishara kwamba mpangilio wa atomu ulikuwa umevunjika. Kioo cha kuyeyuka nacho hubaki cheusi, kwa hiyo kipimo hicho peke yake hakikutosha.

Kilichonifaa ni kuondoa kichujio cha juu na kufuatilia mipaka ya kila punje. Pale ambapo umbo la fuwele lilisalia na kingo zake zilizonyooka, bila viputo wala michirizi ya mtiririko, niliandika maskelinaiti, yaani kioo cha mshtuko kisichopitia kuyeyuka, ambacho hutokea wimbi la mshtuko linapoikandamiza plajioklesi kwa kanieneo ya takribani gigapaskali 30 hadi 45, yaani mara laki kadhaa ya kanieneo ya hewa tunayoivuta. Olivini ya jirani, madini yaliyo imara zaidi, haikuwa imegeuka kioo. Niliporudisha kichujio na kuzungusha kipande, giza lilipita juu yake kama wimbi badala ya kuizima kwa mara moja.

Wengi hudhani kwamba mwamba huyeyuka wakati ule ule unapogongwa, lakini jambo lenyewe lina hatua zaidi. Kanieneo inaposhuka, sehemu ya nishati iliyoukandamiza mwamba hubaki ndani yake kama joto, na joto hilo likizidi, hupatikana kimiminiko kinachobeba vipande visivyoyeyuka na kuvigandisha pamoja kuwa breksia. Mwaka 1972 John Young na Charles Duke wa safari ya Apollo 16 walitumwa kwenye nyanda za Descartes Mwezini, ambako wanajiolojia walitarajia mawe ya volkano. Walichorudi nacho kwa wingi ni breksia za aina hiyo.

Kwa kioo kilichokuwa kimetiririka na kuingia katika nyufa, nilipima pia metali za nikeli na iridi, kwa kuwa ganda la Mwezi lina iridi kidogo mno na kiwango kikubwa huashiria mabaki ya kimondo kilichogonga. Punje zilizobaki na utata baada ya hapo niliziandika "kioo" tu, bila kutaja chanzo.