Mpangaji wa Konokono

Jana jioni binti yangu aliniita bafuni kama mtu aliyeona nyoka. Kumbe ni konokono, katulia ukutani. "Baba, huyu naye ana mpangaji?"

Hadithi hiyo kasimuliwa na mama yake, aliyekuwa muuguzi wetu siku ile Ukerewe.

Tulikwenda kuelimisha watu kuhusu kichocho kabla ya kugawa dawa. Nilibeba chati yenye mishale na maneno kama "mzunguko wa maisha ya kimelea". Dakika kumi tu, watoto wanasinzia, kina mama wanachambua dagaa zao. Nikaikunja chati.

"Paukwa!"

Kimya. Kisha bibi mmoja, beseni la dagaa mapajani, akajibu bila kuinua kichwa: "Pakawa."

Nikasema kuna kijana kaanguliwa ziwani asubuhi ya leo, kutoka kwenye yai lililoletwa na choo cha mtu. Hana mdomo; akiba aliyonayo ni ya siku moja. Asipopata nyumba, ndiyo mwisho wake. Anahangaika majini mpaka anampata konokono. Anaingia, kodi halipi, na baada ya wiki kadhaa ukoo wake unatoka kwa maelfu, jua likiwa kali, wakati watoto wanaoga. Wanatoboa ngozi. Wakishakomaa, kwenye mishipa ya tumboni, dume linamkumbatia jike na halimwachii. Miaka mitano, pengine zaidi.

Mikono ya bibi ilisimama juu ya beseni, vidole viking'aa magamba.

"Miaka mitano halimwachii?"

"Halimwachii, bibi."

Akageuka polepole, akamtazama mzee aliyekaa chini ya mwembe. "Umesikia lakini?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mzee akashusha kofia usoni.

Dawa zilimezwa bila ubishi. Nikalala najiona bingwa. Asubuhi watoto wakaniletea ndoo ya konokono waliopondwa: wale wakubwa wa shambani, ambao na kichocho hawahusiani kabisa. Mvuvi mmoja akanishukuru, akasema kuanzia sasa ataoga alfajiri, kabla wapangaji hawajaamka. Kuhusu kuchimba choo hakuna aliyeniuliza. Nami choo nilikitaja mara moja tu, nikakimbilia kwenye mapenzi ya minyoo. Sijui ningekipaje choo uhusika.

"Wa kichocho hana, mwanangu," nikamjibu binti yangu.

Akamtazama konokono kwa huruma. "Maskini. Anakaa peke yake."