Jumatano yangu na nyanya wa Seoul

Saa kumi na mbili asubuhi. Ni Januari. Mimi mtoto wa Goma, niliyedhani najua baridi kwa sababu ya upepo wa Ziwa Kivu, navaa soksi jozi mbili na bado vidole vinauma. Siku nyingine nasoma chuo hapa Seoul. Jumatano naongoza wageni katika Makumbusho ya Vita na Haki za Wanawake, nyumba ndogo ya matofali mtaa wa Mapo, iliyofunguliwa Mei 2012. Awali ilitakiwa ijengwe ndani ya bustani ya mashujaa wa uhuru. Vyama vya wazalendo vikakataa, eti ni kuwavunjia heshima mashujaa.

Saa tatu. Napanga tiketi. Kila tiketi ina habari za mwanamke mmoja, kwa hiyo mgeni anaingia na mtu wake mkononi. Hapa wote tunawaita *halmoni*, yaani nyanya. Nikiandikia watu wa pwani wataniambia niseme bibi, lakini kwetu Kongo bibi ni mke, na hilo ndilo neno ambalo halipaswi kuwakaribia kabisa. Jeshi la Japani liliwaita "wanawake wa faraja". Faraja ya nani? Wengi wao walikuwa wasichana wadogo, kutoka Korea, China, Ufilipino, Indonesia na kwingineko, waliofungiwa kwenye madanguro ya jeshi kuanzia miaka ya 1930 hadi vita vilipokwisha mwaka 1945.

Saa sita mchana. Mkutano wa Jumatano, maandamano ya kila wiki ya kuidai Japani iombe radhi, karibu na palipokuwa ubalozi wake. Ulianza tarehe 8 Januari 1992, miezi michache baada ya Kim Hak-sun kujitokeza hadharani Agosti 1991 na kusema: mimi ni mmoja wao. Anajulikana kama wa kwanza Korea Kusini kusimama mbele ya kamera kwa jina lake na kulisema. Mkutano wa 1,000, Desemba 2011, ndio uliosimamisha sanamu: msichana ameketi kitini, peku, visigino havigusi chini, ngumi zimekunjwa mapajani. Pembeni yake kuna kiti kitupu. Kivuli chake sakafuni si cha msichana, ni cha kikongwe. Wakati wa baridi watu humvisha kofia na skafu za sufu.

Siku hizi wapinzani nao hufika, na vipaza sauti vyao, wakisema wale wanawake walikwenda kwa hiari. Serikali ya Japani yenyewe, kupitia tamko la mwaka 1993 la Yohei Kono, katibu mkuu wa baraza la mawaziri wakati huo, ilikiri kwamba jeshi lilihusika na kwamba wengi walichukuliwa bila kutaka, ikaahidi kuitunza kumbukumbu hiyo kwa kufundisha historia. Mimi sibishani nao. Nakula kimbap yangu, wali uliofungwa kwa mwani, kwa glavu, nasubiri polisi wa kike aliyesimama katikati yetu apige miayo, na kila wiki hupiga.

Saa nane. Wanafunzi ishirini wa miaka kumi na mitatu. Njia ya kuingilia ni ya kokoto, nyembamba, yenye giza, na unasikia viatu vya wanajeshi. Wanaacha kucheka wenyewe. Nawaeleza habari za Kim Bok-dong: akiwa na miaka 14 aliambiwa anapelekwa kiwandani kushona sare za jeshi. Sielezi chumbani kulikuwa na nini. Nasema tu hakuna kiwanda, na alirudi nyumbani baada ya miaka minane. Wanaelewa. Watoto huelewa kuliko walimu wao wanavyoogopa.

Tuna pia sehemu ya Vita vya Vietnam, kuhusu waliyowafanyia wanawake wanajeshi wa Korea Kusini huko. Mvulana mmoja akaniuliza polepole, "Wa kwetu pia?" Nikamwambia ndiyo. Akasoma maelezo yote hadi mwisho, wenzake wakamwacha.

Msichana mwingine alikwenda kukaa kwenye kile kiti, kwa kuwa nasi tunayo sanamu humu ndani. Alikaa tu, begi mgongoni, akimtazama jirani yake.

Saa kumi na moja nafika kwenye kona yangu. Tarehe 8 Machi 2012, Kim Bok-dong na mwenzake Gil Won-ok walisema fidia yoyote watakayolipwa na Japani itakwenda kwa wanawake waliobakwa vitani kwingine. Ukaanzishwa Mfuko wa Kipepeo, na wa kwanza kusaidiwa alikuwa Rebecca Masika Katsuva. Mama Masika wetu, wa Minova! Yeye mwenyewe alibakwa, mumewe akauawa, kisha akafungua nyumba yake kwa wanawake wa Kivu. Alifariki 2016, Kim Bok-dong akamfuata Januari 2019, na miaka 92. Hapa sauti hunikwama, Kiingereza changu kinaharibika, wageni wanadhani ni lafudhi.

Saa tatu usiku, Goma saa nane mchana, nampigia mama. Namsimulia yule msichana na begi lake.

"Hicho kiti ni cha nani?"

"Cha waliokufa. Na cha anayetaka kukaa nao."

"Na wewe ulishakaa?"

Miezi kumi, kila Jumatano nafuta vumbi lake. Nikamwambia bado. Mama akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama nimekula.