Mwanza hadi Bukoba: kilomita chache, dakika nyingi

Kwa kuwa ninaishi Ilemela, jirani na uwanja wa ndege wa Mwanza, ndugu wa Kagera huniuliza mara kwa mara safari ya ndege hadi Bukoba huchukua muda gani. Jibu la haraka ni robo tatu ya saa hivi, lakini jibu hilo huwashangaza waliokwisha kuupima umbali kwenye ramani.

Mstari ulionyooka kati ya viwanja hivi viwili, ambao sehemu yake kubwa hupita juu ya ziwa, una takriban kilomita 175. Ndege ya mapangaboi aina ya ATR 72 ikishatulia angani huenda karibu kilomita 500 kwa saa, na kwa hesabu hiyo safari ingekwisha katika dakika 21. Tofauti hutokana na jinsi ratiba inavyohesabu muda: saa huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka kwenye maegesho na husimama inapoegeshwa upande wa pili. Humo mna mwendo wa polepole hadi kwenye njia ya kurukia, kupaa, kushuka na kujipanga kwa ajili ya kutua, na katika hatua zote hizo ndege haijafikia au imekwisha kuacha mwendo wake wa kasi. Kwenye safari fupi kama hii, kasi kamili hudumu kwa muda mfupi sana.

Linganisha na Dar es Salaam, iliyo umbali wa takriban kilomita 850 kwa mstari ulionyooka, karibu mara tano ya Bukoba. Ndege ya jeti hufika kwa saa moja na nusu hivi, yaani mara mbili tu ya muda wa Bukoba, kwa sababu ina nafasi ya kupanda juu na kuitumia kasi yake. Ndiyo maana siamini hesabu yoyote inayogawanya kilomita kwa kasi na kuishia hapo.

Hali ya hewa nayo ina sehemu yake. Radi na mvua kubwa za Ziwa Victoria hupenda usiku na alfajiri, na rubani akilazimika kuzunguka wingu, dakika huongezeka.

Kwa barabara, kupitia Sengerema na Geita, safari ni takriban kilomita 400, kwani lazima uzunguke ziwa. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa ile foleni ya kusubiri kivuko ambayo ilikuwa ikivuruga kila makadirio. Meli huondoka jioni na kufika asubuhi, na kwa mwenye mizigo mizito naiona bado ni chaguo zuri.

Kwa anayewahi msiba au mgonjwa, ninashauri ndege, ila ahesabu saa tatu nzima tangu anapotoka nyumbani: safari ya kwenda uwanjani, kujiandikisha, ukaguzi, kuruka, na kusubiri mizigo Bukoba. Akiishi Igoma au Buhongwa, aongeze muda wa kuvuka jiji.