Nilivyolirudisha kazini jiliwa lililokwisha kuungwa mataya

Jiliwa hili, au vaisi kama tunavyoliita kila siku karakanani, yaani kifaa cha kubania chuma kinapokatwa au kupigwa tupa, lilitoka katika karakana iliyofungwa ya shamba la mkonge upande wa Muheza, mkoani Tanga, nami nililinunua kwa mfanyabiashara wa vyuma chakavu kwa bei ya uzito wake. Ubavuni lina jina la Record, chapa ya kampuni ya C. & J. Hampton ya Sheffield, Uingereza, na mataya yake yana upana wa inchi 5. Kutu ilikuwa imelienea kote, lakini kutu haikunitisha. Kilichonifanya nisite kabla ya kulipa ni mataya yenyewe, kwa sababu yote mawili yalikuwa yamekwisha kutengenezwa na watu waliotangulia, kila moja kwa njia yake.

Taya la nyuma, lile lisilotembea, lilikuwa limevunjika kona likaungwa kwa shaba ya manjano, na mshono wake ulikuwa mpana, umejaa vizuri, hauna matundu. Taya la mbele lilikuwa jambo jingine kabisa. Kibao chake cha chuma kigumu, kile kinachofungwa kwa skrubu usoni pa taya ili kishike kazi, kilikuwa kimepotea, na mahali pake palichomelewa kipande cha springi ya gari moja kwa moja kwenye mwili wa jiliwa, kwa umeme na kwa vijiti vya kawaida vya chuma laini. Mwili wa jiliwa la aina hii ni chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, chenye kaboni zaidi ya asilimia 2. Chuma hicho kikichomwa ghafla na kupoa ghafla, sehemu iliyo kando ya mshono hugeuka ngumu mno na kuwa rahisi kukatika, na mshono unaponywea wakati wa kupoa huivuta sehemu hiyo hadi ipasuke. Kwa hiyo sikuuangalia mshono wenyewe, bali ukanda mwembamba ulio pembeni yake.

Nilisafisha taya kwa brashi ya waya, nikalipaka mafuta ya taa, nikayaacha yapenye, kisha nikalifuta hadi likauka na kulipaka unga wa chaki. Baada ya muda mstari mweusi ulianza kujichora juu ya weupe wa chaki, ukianzia chini ya kona ya kulia na kufuata ukingo wa mshono hadi karibu na katikati. Huo ndio ufa. Nilifanya vivyo hivyo kwenye taya lililoungwa kwa shaba, na chaki ikabaki nyeupe. Nilipoligonga kwa nyundo ndogo sauti yake ilikuwa kavu na wazi, bila mtetemo wa kitu kilicholegea. Hapo niliamua kwamba kazi ya fundi yule wa shaba isiguswe. Kuichomelea upya kwa umeme kungeiharibu, kwani zinki iliyomo katika shaba huchemka kwenye joto hilo na kuuacha mshono mpya umejaa matundu. Kona hiyo nimeiacha na rangi yake ya manjano, wala sikuona haja ya kuificha.

Kutu niliiondoa kwa umeme ndani ya maji ya magadi, yale yale yanayouzwa sokoni kwa ajili ya maharage. Sehemu ya jiliwa hufungwa upande wa hasi wa chaja ya betri ya volti 12, na kipande cha chuma kisicho na thamani hufungwa upande wa chanya. Asiwepo mtu wa kuweka chuma cha pua upande wa chanya, maana hutoa sumu ya kromiamu ndani ya maji, wala wa kutumia chumvi badala ya magadi, maana hutoa gesi ya klorini. Kazi hii ifanyike nje, mbali na moto, kwa kuwa mapovu yanayopanda ni haidrojeni.

Kuondoa kipande cha springi ndiko kulikohitaji subira. Nilikata kwa diski nyembamba ya grenda ndani ya mshono wenyewe, nikiacha unene wa kama milimita moja, kisha nikaendelea kwa jiwe la kusaga. Kila nilipojaribu tupa iliteleza bila kula chochote, ikitoa mlio mwembamba kama wa kucha juu ya kioo, na mlio huo ndio uliokuwa kipimo changu: nilisaga kidogo, nikajaribu tena, hadi tupa ikaanza kuuma na kutoa unga wa kijivu. Unga ule wa kijivu ni dalili kwamba umefika kwenye chuma cha kusubu kizima.

Ufa niliutoboa kwa biti ya milimita 3 kwenye kila ncha yake ili usiendelee, nikauchimba kwa umbo la V, kisha nikauziba kwa vijiti vya nikeli. Vijiti hivi ni ghali, lakini ndivyo vinavyostahili kazi hii, kwa sababu nikeli hubaki laini na hukubali keekee na tupa baadaye. Nilichomelea vipande vifupi vya sentimita 2 hivi, nikakigongagonga kila kimoja kwa nyundo ya kichwa cha mviringo kikiwa bado cha moto, na sikuendelea mpaka mkono uweze kuvumilia joto la taya. Nilipomaliza nililifukia taya ndani ya majivu ya moto likapoa polepole.

Vibao vipya nilivitengeneza kwa jani la springi, safari hii kwa kufungwa kwa skrubu kama alivyokusudia mtengenezaji. Jani lilipashwa hadi wekundu na kupozwa ndani ya majivu ili lilainike, likakatwa, likatobolewa na kuchorwa mifereji iliyopishana kwa msumeno wa chuma. Baada ya hapo nilivipasha vibao hadi sumaku ikakataa kuvishika, nikavizamisha kwenye oili, nikavisafisha na kuvirudishia joto taratibu hadi rangi ya buluu ilipotokea. Skrubu za zamani zilikuwa za inchi 5/16 za nyuzi za Whitworth, kipimo cha zamani cha Uingereza, na nyuzi kwenye matundu zilikuwa zimelika, kwa hiyo nilipanua matundu kwa biti ya milimita 8.5 na kukata nyuzi mpya za M10, yaani za skrubu ya milimita 10, ambazo skrubu zake hupatikana katika duka lolote la vifaa. Kabla ya kufunga nilipaka masizi nyuma ya kila kibao, nikakibana na kukitoa, kisha nikapiga tupa penye alama nyeusi, maana kibao kisichokaa sawasawa hulivunja taya siku ya kukazwa kwa nguvu.

Nilipolifunga jiliwa niliweka vipande viwili vya gazeti, kimoja kila upande wa mataya, na vyote vikashikwa kwa pamoja. Mataya hugusana juu kwanza kwa unene wa karatasi, nami nimeacha hivyo makusudi, kwa kuwa taya la mbele hulegea kidogo kwa juu linapokazwa. Sasa linabana mabomba na vyuma vya pembe kila siku, ila sigongei kitu juu ya kona ya shaba. Nati kuu bado ina ulegevu wa karibu robo ya mzunguko. Kwa kukata na kupiga tupa haina madhara, na nitaibadilisha nikipata jiliwa jingine la ukubwa huu la kutolea vipuri.