Wiki mbili za kumlaumu mtu wa programu

Tulikuwa wanafunzi sita, na mradi wetu wa mwaka wa mwisho ulikuwa kabati la kukaushia dagaa kwa akina mama wa Sahare, hapa Tanga. Masika ikishika, dagaa waliochemshwa kwa maji ya chumvi wanalala kwenye chanja siku mbili tatu bila jua, mwisho wanaanza kunuka. Sisi tukabuni kabati la mbao lenye paa la nailoni nyeupe, feni ya kutoa hewa yenye unyevu, sensa ya DHT22 ya kupima joto na unyevu ndani, na bodi ya Arduino, kompyuta ndogo ya kuamua feni iwake lini. Umeme ulitoka kwenye sola na betri ya volti 12.

Mimi nilikuwa mtu wa waya. Feni tuliipata gereji, ya rejeta ya gari dogo, kwa bei ya kutupa, tukashangilia.

Relei, ile swichi ambayo bodi huitumia kuwasha feni, ikibofya, feni ikianza kuzunguka, bodi inazima. Inawaka yenyewe, inawasha feni, inazima tena. Wiki mbili nzima tulimkalia kooni mwenzetu wa programu. Aliiandika upya mara tatu, maskini, na mara zote tatu nilimwambia waya ziko sawa, kwani nilishazipima kwa mita ya dijitali ikasoma 12.4.

Tulipochoka tukabeba vyote kwa bajaji hadi kwa fundi redio mmoja Ngamiani. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Washeni nione." Hata kompyuta hakuitazama. Akatoa mita yake ya zamani, ya mshale, akaweka ncha mbili kwenye bodi, si kwenye betri kama nilivyozoea mimi. Feni ilipoanza, mshale ukaporomoka hadi karibu 7, halafu ukapanda taratibu.

"Betri yako nzima, kijana. Umeme unafia njiani."

Mota inapoanza kuzunguka hula umeme mara kadhaa ya ule inaotumia ikishachanganya. Mimi nilikuwa nimeiweka betri mita tatu kutoka kwenye kabati, nikaunganisha kwa waya mwembamba niliouchomoa kwenye spika mbovu, na waya huohuo ukalisha feni na bodi pamoja. Kushuka kwenyewe ni kwa kufumba na kufumbua. Mita yangu hubadilisha tarakimu polepole, kwa hiyo haikuona kitu. Tulivuta waya mnene wa feni peke yake hadi kwenye betri, bodi ikapata njia yake, tukaongeza dayodi kwenye mota, ya kuzuia umeme unaoruka nyuma mota ikizimwa, na kapasita ya mikrofaradi 1000 karibu na bodi, ya kuiwekea akiba kidogo ya umeme. Ikatulia siku hiyohiyo. Mwenzetu wa programu hakusema neno, na bora angenitukana.

Tangu hapo tulikuwa na kaunta buku moja: ukigusa kitu unaandika, na unagusa kimoja tu kwa wakati.

Tulipolipeleka kabati Sahare, nako kulikuwa na matatizo yake. Siku ya nne sensa ilisoma unyevu asilimia 99.9 asubuhi hadi jioni, hata jua likiwa kali. Nikafungua: miguu yake ilikuwa na ukungu wa kijani, chumvi ya mvuke wa masufuria. Tulinunua nyingine, tukaihamishia mbali na majiko, na bodi tukaipaka rangi ya kucha, chupa nzima ya dada yangu, tukiruka sehemu za kuchomekea waya.

Lakini kosa la mlango hakuna sensa ingeliona. Tuliufanya ufunguke kwa mikono miwili, na mama anayeanika dagaa ana beseni mkono mmoja. "Mwanangu," aliniambia mmoja wao, "mlipima kila kitu, mimi hamkunipima." Tulishusha kabati likamfikia kiunoni, mlango tukauning'iniza kwa juu, anausukuma kwa kiwiko.

Nilipita tena mwezi uliopita. Feni ilikuwa inazunguka. Ndani, juu ya trei za dagaa, palikuwa na sare mbili za shule zimetundikwa.