Bembea imeng'olewa!

Jana nimewapeleka watoto kwenye ile bustani ya michezo hapa Moshi, nikakuta bembea ya kuzunguka imeng'olewa, bolti zake bado zimechomoza kwenye zege. Pembeni wameweka trampolini. Mwanangu kanuna hadi juisi kaikataa!

Lakini jamani, kiwanja chenyewe kimebanwa, huku nyumba ya mtu, kule gereji. Kipya kikija, cha zamani kinapisha. Hata Disneyland, ile bustani kubwa ya michezo ya California iliyofunguliwa 1955, mji wa Anaheim uliizunguka ikakosa pa kutanukia; ndiyo maana Florida, Disney walikofungua nyingine 1971, wakanunua ardhi kubwa mapema.

Ila mimi ningeanza kuiondoa ile treni mbovu. Inakula karibu nusu ya uwanja na haitembei, wakati bembea ilikuwa na foleni kila Jumapili. Nani kawashauri?