Sikio la Kushoto

Kijana wa rangi za kucha alipita leo asubuhi, sikumsikia. Nilimwona tu. Nilikuwa barazani nachagua mchele, nikainua uso, nikamkuta amesimama kwa jirani na kikapu chake, mkono unacheza juu ya zile chupa kama siku zote, na kwangu kimya, kama televisheni iliyoondolewa sauti. Nikageuza kichwa kumpa sikio la kulia. Zikaja: tin-tin, tin-tin. Nikakirudisha, zikaondoka. Nikarudia hivyo mara tatu nne, huku na huku, mpaka kijana akasema, "Basi mama, nimeelewa, hutaki," akaenda zake.

Sikumkatalia. Nilikuwa napima laini.

Nilikuwa opereta wa simu, ndiyo maana nasema hivyo. Niliajiriwa Posta na Simu mwaka 1981, nikiwa na miaka 23. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977 na lile shirika lililokuwa moja kwa nchi tatu limegawanywa, kila nchi na lake, kwa hiyo wakubwa wetu pale kazini walikuwa bado wanaitaja Nairobi na Kampala kama mtu anavyotaja nyumba aliyohama. Sisi wageni tulipewa kiti, bodi yenye matundu safu kwa safu, nyaya zenye plagi nchani, na hedifoni ya sikio moja. Mimi niliivaa kushoto, maana mkono wa kulia ulikuwa wa kuandika.

Aliyetaka kuongea na Songea au Bukoba aliagiza kwetu, akaweka simu chini, akangoja. Wengine waliagiza asubuhi wakapata jioni. Ikipatikana unamrudia: "Mzee, Songea yako hii, ongea." Kisha unarudi kumkumbusha dakika zake, na huku taa nyingine tatu zinawaka. Tulijua misiba ya watu kabla ya wenyewe. Hatukuisema, tulikuwa tumeapa, na hapa pia sitaisema. Chai yangu ya saa nne niliinywa ikiwa imepoa miaka yote ile. Kwa hiyo mtu akiniuliza kustaafu kuna raha gani, namjibu haraka: chai inayounguza ulimi.

Baadaye mitambo ikawa inajiunganisha yenyewe, katikati ya miaka ya tisini zikaja simu za mkononi, bodi zikaondoka. Nikahamia simu ya mapokezi ya ofisi moja mjini, sikio lilelile, mpaka 2018 nilipofikisha sitini.

Mwaka jana daktari wa masikio aliniingiza kwenye kijumba kidogo kisichopitisha sauti, akanivisha vile vya kichwani, akaniambia nibonyeze kitufe kila nitakaposikia mlio. Nikacheka peke yangu mle ndani. Ilikuwa kama nimeripoti zamu. Alipotoka na karatasi, mstari wa sikio la kushoto ulianza vizuri, ukaenda kidogo, halafu ukaporomoka kama lori linaloteremka Sekenke. Akanieleza kwamba zinazotangulia kuondoka ni sauti nyembamba, za juu: ndege, kengele ndogo, vioo, na katika maneno ya watu ni S na F na SH. Nene hubaki nyuma. Kama ni umri au ni ile hedifoni, sikumbana aseme.

Nikiwa kwenye basi la mwendokasi narudi kwangu Magomeni, Dar es Salaam, ndipo jambo lilinijia, nikashika mdomo. Laini ya simu ya mezani haipitishi sauti yote ya mtu. Inapitisha mitetemo kuanzia 300 mpaka 3,400 kwa sekunde, basi, ya juu ya hapo inakatwa njiani. Ndiyo maana kwenye simu S na F ni mapacha, na ndiyo maana tulikuwa tunataja herufi kwa miji: S ya Singida, M ya Moshi, N ya Newala. F ilitusumbua, hakuna mji mkubwa wa F, kila mmoja akawa na wa kwake. Mimi nilitumia F ya Feri. Yaani miaka yote ile niliwasikia Watanzania waliopunguzwa sauti za juu, na nikawaelewa, wenye hasira na wenye kulia na wenye kutongoza. Sasa sikio lenyewe limekuwa laini. Nimerudishwa kazini bila barua.

Sitajidai haliudhi. Juzi mjukuu wangu alisogeza sahani akasema, "Bibi, nimeshiba." Nikasikia "nimeiba". Nikaweka mwiko chini, nikamwambia kwa upole, umeiba nini, mwanangu, na wapi. Mtoto akababaika kama kweli ameiba. Mama yake alicheka hadi akakaa chini. Lakini Kiswahili kinanifaa kuliko ambavyo lugha nyingine zingenifaa, nadhani. Karibu kila neno linaishia kwa irabu, na irabu ni nene, zinafika. Halafu ukikosa mwanzo wa neno, vinavyolifuata vinakwambia: ukisikia "kimevunjika" unajua si sahani, ni kikombe.

Kinachoniuma ni mtaa.

Nyumba yetu ni ya Kiswahili ya zamani, vyumba huku na huku, korido katikati, uani nyuma, baraza mbele. Nilipokuwa kazini sikuujua mtaa huu mchana. Niliujua alfajiri na usiku, nikipita. Mwezi wa kwanza wa kustaafu nilikaa barazani nikiwa sina la kufanya, nimekasirika kidogo kama wastaafu wote, ndipo nikagundua kwamba hapa kuna bodi inafanya kazi na hakuna opereta. Kuanzia saa mbili wanapita, na karibu hakuna anayeita kwa mdomo. Kijana wa kiwi hugonga kisanduku kwa mgongo wa brashi: ko, ko-ko. Fundi nguo anakuja na cherehani begani, mkono mmoja umeishika, mwingine una mkasi unaokata hewa. Wa karanga na sigara anachezesha sarafu kiganjani. Wa kucha na chupa zake. Wa kahawa na finjani zake. Hakuna ofisi iliyowagawia milio hiyo, na hakuna anayeiba ya mwenzake. Mwanamke yuko uani anafua, mikono imejaa povu, anasikia mkasi, anasema, "Mwambieni fundi asubiri, gauni langu zipu." Hajamwona na wala hamjui jina. Ameunganishwa.

Na wana akili. Mtu anayetembea tangu Manzese mpaka Kariakoo hawezi kupiga kelele siku nzima, koo litakatika kabla ya adhuhuri. Sarafu mbili hazichoki.

Wasiokuwa na akili, nisamehewe, ni wa spika. Anarekodi mara moja, anafunga kipaza sauti kwenye baiskeli, na baiskeli inatembea ikisema dawa ya panya, dawa ya kunguni, dawa ya mende, dawa ya viroboto, bila kuvuta pumzi wala kusikiliza kama yupo anayeitika. Mwenye mkasi akipita kwenye msiba hunyamaza. Spika haijui msiba. Na huyo ndiye ninayemsikia vizuri kuliko wote! Sikio limeninyang'anya chupa za kucha likaniachia kunguni.

Nina shoga yangu, tulikaa viti jirani kwenye bodi kwa miaka tisa. Yeye alikuwa mtu wa Kota, zile nyumba za zamani zilizobomolewa, akapanga hapa na pale miaka mingi, mpaka 2022 yalipofunguliwa maghorofa mapya naye akawa katika zile kaya 644 zilizorudishwa. Yuko ghorofa ya tano. Ana upepo, ana maji, akisimama dirishani anaona mpaka Jangwani na mvua zikianza anatupigia simu kutuambia bonde limejaa kabla barabara haijafungwa. Masikio yake mazima. Lakini kule juu hakuna mlio unaofika. Brashi, mkasi, sarafu, vyote vinaishia ghorofa ya pili. Miezi ya mwanzo aliniambia anaishi kama mgonjwa aliyelazwa, anaona watu midomo inacheza.

Basi ananipigia. "Shoga, fundi mkasi hajapita?"

"Hajapita."

"Akipita nishikie."

Nikimpata fundi namketisha barazani, napiga simu juu, nasema kwa sauti ile ya zamani, "Mama, fundi wako huyu, ongea." Anacheka kila siku kama ni mara ya kwanza. Mwenye sikio bovu ndiye anayemsikilizia mwenye mazima. Wiki iliyopita alishuka na nguo mbili za kupunguza, akashuka tena na visheti, tukakaa na fundi watu watatu mpaka jua likahama upande wa pili. Fundi ni mtu wa Singida, mpole, anashona huku anasikiliza, na nilimwona mara mbili akisimamisha gurudumu la cherehani ili asipitwe na maneno. Tulikuwa tunasimulia yule mkaguzi wetu aliyekuwa akinyatia nyuma ya viti. Hatukumtaja jina, maana kiapo kile sijui kinaisha lini.

Binti yangu anataka ninunuliwe kifaa cha sikio. Bei aliyoletewa ni pensheni yangu ya miezi mingi, na kimoja tu, cha kushoto. Sijakataa. Nimemwambia tupige hesabu baada ya Ramadhani. Ila kwanza nimeanza kuandika. Nina daftari la mistari, naandika aliyepita, saa ngapi, mlio gani, na nimemsikia kwa sikio lipi. Kwa mfano jana: wa kiwi, saa mbili na robo, yote mawili. Wa sarafu, saa tatu, la kulia tu. Mkasi, saa nne kasoro, la kulia, la kushoto kwa mbali. Nyumba ya jirani kuna chiriku kwenye mdimu, namwona koo linatetemeka, sina cha kumwandikia. Kunguru, Mwenyezi Mungu anisamehe, yote mawili, mchana kutwa.

Aliyenisumbua zaidi ni wa kahawa. Huyu ni mtu mzima, ana mvi kunishinda, dele lake limekaa juu ya jiko dogo la makaa, mkono wa pili una finjani anazozigonganisha kiganjani, moja juu ya nyingine. Hupita baada ya alasiri. Kahawa yake chungu, tangawizi anaitia kwa kiasi, na mimi huchukua finjani mbili na kashata ya karanga, ndiyo sherehe yangu ya siku. Finjani ni kauri, mlio wake mwembamba. Kuanzia mwezi wa nne nikawa namkosa. Nikitoka, ameshakata kona. Mara ya kwanza nilidhani anaumwa. Mara ya pili nikamwona mgongo.

Siku moja nilimngoja nimesimama kabisa, kama mtu anayengoja basi. Akanishangaa.

"Shikamoo, bi mkubwa. Nilijua daktari amekukataza."

"Marahaba. Nani amekwambia?"

"Nagonga hapa wiki nzima, hutoki. Nikasema basi, presha."

Nikamweleza. Nilimweleza kwa kirefu mno, mpaka mitetemo 3,400 nikamtajia, masikini. Alimimina, akanipa, akasuuza finjani ya mteja wa kabla yangu, hakusema pole. Alisema tu, "Kumbe ni hivyo," akashika njia.

Kesho yake nilikuwa uani naanua nguo. Nikasikia kitu kizito, chuma juu ya chuma: ngo! ngo! Nikadhani wamekuja wa kununua vyuma chakavu, nikawahi nje kabla hawajabeba mfuniko wa karo. Alikuwa yeye, amesimama mbele ya baraza, amechukua koleo la makaa anapiga nalo kwenye bati la jiko lake. Wazee wa bao wa nyumba ya nne walikuwa wameinua vichwa, mmoja amekasirika, kete mkononi, hesabu imempotea.

"Hiyo imefika?" akaniuliza.

Nikamwambia imefika.

Tangu hapo mtaa mzima anapita na finjani, akikaribia kwangu anabadilisha. Wazee wa bao wamelalamika, kisha wakazoea, sasa wenyewe wananitania kwamba simu yangu inaita. Katika daftari nimemwandikia mstari wake peke yake.

Leo amechelewa, swala imeisha kitambo. Naandika haya kalamu ikiwa imebaki na wino kidogo, mchele nimeshaupika, na nimeanza kumlaumu moyoni. Ngo. Ngo. Yote mawili. Ngoja nikachukue kashata, ziko ndani kwenye kopo.